Mzee wa Daraja Haitikii Salamu

Mzee Gerishon aliendesha basi la kampuni mjini Doha miaka kumi na tisa, na jina lililoandikwa ubavuni mwa basi hakuwahi kulisoma. Shule hakwenda. Namba alizijua. Alijua lango namba ngapi na mtaa namba ngapi kule Industrial Area. Alfajiri alibeba watu hamsini na wawili kuwapeleka saiti, jioni akawarudisha hamsini na wawili. Akihesabu hamsini na mmoja, haondoki. Walimjua kwa hilo. "Mzee haachi mtu," walisema, wakaenda kumwamsha aliyelala.

Mkewe alifariki mwezi wa pili. Jina lake Mumbua, wa Kitui, mpishi kwenye nyumba moja Al Rayyan. Aliamka asubuhi akasema kifua kimembana, na adhuhuri haikumkuta. Gerishon alirudi naye nyumbani kwa ndege moja, yeye juu kwenye kiti, mkewe chini kwenye mizigo. Akamzika Meru. Kisha akarudi Doha kumaliza mkataba, kwa sababu ilibaki miezi, na mkataba ni mkataba. Desemba ungekwisha, aende nyumbani moja kwa moja.

Watu wa kanisa walipomuuliza anaendeleaje, alisema, "Niko."

Alihamia kwa bintiye Gakii, Muaither, kwenye villa iliyokatwa vyumba vingi kama sanduku la mayai. Gakii alikuwa na viwili na jiko. Mtoto huyu alilelewa na nyanya yake, wazazi wakiwa huku. Kwa miaka mingi kwake mama alikuwa sauti kwenye simu, na baba alikuwa kikohozi nyuma ya hiyo sauti. Alikuja Doha mtu mzima, amesomea kompyuta, akakaa mji mmoja na mama yake miaka mitatu. Basi.

Kazi yake Gerishon hakuielewa kwa haraka.

"Nacheza gemu, Baba. Nikiona kosa, naandika ripoti."

"Hiyo ni kazi?"

"Ni kazi."

"Na hao wanaokosea, wao wanafanya kazi gani?"

Gakii alicheka mpaka akaketi. Tangu msiba, lilikuwa swali refu zaidi alilolisikia kwa baba yake.

Mwezi wa saba jua la Doha halina mchezo. Kazi za nje husimama saa nne asubuhi mpaka saa tisa unusu. Gerishon aliegesha basi, akaja nyumbani kupumzika, akapika chai yake. Alipita nyuma ya kochi na kikombe mkononi. Gakii alikuwa anacheza kwenye televisheni, na kazi hiyo ilikuwa ya siri. Alitia sahihi karatasi kwamba hatamwonyesha mtu mpaka gemu itoke.

"Baba, hujaona kitu."

"Sijaona."

Lakini hakuondoka. Alisimama pale, chai inapoa.

"Hilo daraja nalijua," akasema.

Gakii akageuka. "Haiwezekani. Hii haijatoka bado."

"Nalijua. Mto uko chini. Huyo msichana na mkuki ni Kalondu. Wamemnyoa, lakini ndiye."

Hapo Gakii akasimamisha mchezo.

Kalondu halikuwa jina la msichana yule. Jina lake lilikuwa la Kijapani, na kwenye gemu ya kwanza liliandikwa kwa herufi za Kijapani, kama kila kitu kingine kwenye sidii ile. Kalondu lilikuwa jina alilopewa na Mumbua.

Ilikuwa hivi. Watoto wa nyumba aliyopikia Mumbua walikua, wakanunuliwa mashine mpya ya gemu, na ile ya zamani ikawekwa karibu na pipa la taka pamoja na sidii moja iliyobaki ndani. Mumbua akaiomba. Alikuwa na chumba chake nyuma ya nyumba, na televisheni ndogo. Gerishon alilala kambini siku zote isipokuwa Ijumaa. Ijumaa baada ya ibada alikwenda kwa mkewe. Hiyo ndiyo ndoa waliyokuwa nayo Doha, siku moja kwa wiki, na mashine ile iliingia katikati yao ikakaa kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Herufi hakuna aliyeziweza. "Leo mimi na aliyesoma tuko sawa," Gerishon alisema siku ya kwanza, na Mumbua aliyefika darasa la saba akampiga kofi la bega.

Kwenye mchezo walikufa mara nyingi njiani. Mwishowe wakafika kwenye daraja la kamba. Katikati ya daraja alisimama mzee mwenye ndevu mpaka kifuani, upanga mkononi, ameegemea mguu mmoja kidogo. Ukimkaribia, anakukata. Ukimrushia mkuki, anaudaka, kisha anakukata.

Mumbua akaweka rimoti mapajani.

"Mimi huyu simpigi."

"Kwa nini?"

"Mzee huyu. Utampiga mzee na hata hamjasalimiana?"

"Ana upanga, Mama Gakii."

"Ndiyo sababu nianze na salamu."

Akaanza kubonyeza kila kitufe kutafuta salamu. Kalondu aliruka, akabiringika, akarusha mateke hewani. Halafu kitufe kimoja cha pembeni, ambacho hawakuwahi kukigusa, kilimfanya Kalondu aweke mkuki chini na kuinama.

"Haya," Mumbua akasema. Akajisogeza mbele ya televisheni na kuanza kuongea na mzee yule kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuwa na haraka, wala hakugusa kitufe tena. Kila swali alilipa nafasi ya jibu lake.

"Hujambo, mzee?... Umeamkaje?... Nyumbani hawajambo?... Na watoto?... Wajukuu wanasoma?... Mvua imenyesha huko kwenu?... Mahindi yameota?... Mbuzi wanaendeleaje?... Mguu je, bado unakusumbua?... Na mama watoto, hajambo?"

Gerishon alikuwa anacheka kimoyomoyo. Ndipo mzee wa darajani alipoteremsha upanga. Akaurudisha alani. Akainama, ndevu zikagusa goti, akasimama pembeni ya daraja na kumwachia Kalondu njia.

Walitazamana, mume na mke.

"Umeona?" Mumbua akasema. "Alikuwa anangoja kuulizwa."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa walikwenda darajani. Mbele ya daraja kulikuwa na milima na majoka, lakini Mumbua hakuwa na hamu nayo. Alihifadhi mchezo hapo hapo, hatua chache kabla ya mzee. Akimsalimia na kupishwa, anatembea kidogo ng'ambo, anatazama mto, anazima. Ijumaa ijayo anaanza tena palepale. Kazi ya Gerishon ilikuwa kukaa kando, kushika chai, na kusema "bado" kidole cha mkewe kikianza kuwasha.

"Ungeachiwa wewe, ungeuawa siku ya kwanza," Mumbua alimtania. "Salamu zako ni 'Vipi' na kichwa."

Ilikuwa kweli. Gerishon hakuwa mtu wa salamu ndefu.

Haya yote Gakii hakuyajua. Alikuwa amewahi kumkuta mama yake akiongea na televisheni, akadhani ni upweke, na hakuuliza.

"Mashine yenyewe iko wapi?" akauliza sasa.

"Chini ya kitanda changu."

"Na hukusema?"

"Haisomi. Niliijaribu niliporudi kutoka kuzika. Inanguruma, inanyamaza."

Akainywa ile chai iliyopoa. Neno lililobaki hakulitoa, ila lilikuwa moja tu. Alitaka kumwona yule mzee akiinama mara moja tena kabla ya kuondoka Doha. Mumbua aliuliza maswali yale miaka mingi, na mahali pekee duniani palipobaki jibu lake palikuwa hapo. Sasa mtu atamwambiaje mtu jambo kama hilo?

Akasema tu, "Msalimie."

Kwenye gemu mpya daraja lilikuwa la mawe, refu, na mvua ilinyesha ukaona matone yakipasuka. "Huku imenyesha kweli," Gerishon akasema. Mzee alikuwa mnene wa misuli, sauti kama ngurumo, anaongea bila kupumua. Gakii alitafuta kitufe cha kuinama. Kilikuwepo. Kalondu aliyenyolewa akainama vizuri kabisa. Mzee akatoa matusi, akamkata.

"Tena," Gerishon akasema. "Mpe muda."

Gakii akainama tena, akangoja. Mzee akamkata.

"Haitikii," Gerishon akasema.

"Hakuna kuitikia, Baba. Hawakuiweka."

Gerishon akaweka kikombe kwenye sinki, akaingia chumbani, akalala akiangalia ukuta. Saa tisa akaamka kwenda kuchukua basi.

Jioni hiyo, wakila ugali, Gakii akajaribu kumweleza. "Gemu ya kwanza waliitengeneza Wajapani. Jina bado ni lao. Lakini hii mpya wameipa studio ya Ulaya iitengeneze upya. Wajapani wanaangalia tu na kusema ndiyo au hapana."

"Na wewe ni wa Ulaya au wa Japani?"

"Mimi ni wa kampuni ya hapa iliyopewa kazi na ile ya Ulaya."

Gerishon akatafuna. Hilo alilielewa kuliko Gakii alivyodhani. Kwenye mnara aliopelekea watu, bango lina jina la kampuni moja, mhandisi ni wa ya pili, na anayebeba simenti ni wa ya tatu, ambaye hata bango halimjui.

"Kandarasi ndani ya kandarasi," akasema.

"Ndiyo hiyo."

"Basi mtu wa Ulaya alipewa ramani."

"Ndiyo. Makaratasi mengi."

"Na mzee hakuwa kwenye ramani."

Gakii akaacha kula. Akanawa mikono, akafungua kompyuta, akaandika ripoti. Kichwa chake kilisema: mzee wa daraja haitikii salamu.

Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwa Nick, msimamizi wa wapimaji kule Ulaya, kijana mwenye adabu asiye na muda. Gakii akamsomea baba yake kwa Kiswahili.

"Anasema si kosa. Anasema imekusudiwa hivyo. Kwenye karatasi walizopewa, mzee huyo ni adui wa kupigwa, hakuna salamu. Anauliza nimeitoa wapi."

"Mwambie kwa mama yako."

"Nimemwambia. Anataka ushahidi. Video ya gemu ya zamani, mzee akiinama."

Gerishon akaingia chumbani. Kisha akapiga magoti, akaivuta mashine kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa imefungwa kwenye leso ya Mumbua, ile ya kijani.

Ijumaa akaipeleka Industrial Area kwa Athanas, Mganda anayetengeneza simu na feni na kila kitu chenye waya, kwenye kibanda nyuma ya gereji. Athanas alimjua Gerishon kwa basi.

"Ssebo, mzee wangu, hii umeitoa kaburini?" akasema, kisha akamwona uso, akajiuma ulimi. "Samahani, mzee. Mdomo wangu."

"Hapana. Tengeneza."

Athanas akaifungua, akapuliza vumbi, akachungulia kwa tochi. Aliishika kwa upole sasa. "Jicho lake limechoka. Hili hapa, linalosoma sidii. Nikilisafisha na kuliinua kidogo litasoma. Mara moja, mara mbili. Ya tatu usiniulize."

"Mbili zinatosha."

"Ni kitu gani unatafuta humo?"

"Mtu."

Athanas hakuuliza tena. Akasafisha kwa pamba na spiriti, polepole, akimzuia kila mteja aliyekuja na simu yake kwa mkono mmoja: "Ngoja, bwana, niko na mzee." Alipomaliza aliifunga tena kwa leso ile ile, akakunja pembe kama alivyoikuta.

Mchana ule wakaiunganisha kwa Gakii. Gakii akaweka simu kwenye rundo la vitabu, ikarekodi televisheni. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Kisha wimbo wa zamani ukatoka, ule wa filimbi, na Gerishon akashika ukingo wa kochi.

Daraja la kamba likatokea. Kalondu na nywele zake zote. Mzee na mguu wake.

"Shika rimoti, Baba."

"Shika wewe."

"Mimi sijui muda. Wewe ndiye ulikuwepo."

Hakuwahi kuishika. Miaka yote alishika chai. Vidole vyake vya usukani vilikuwa vikubwa kwa vitufe vile. Gakii akamwonyesha kile cha pembeni. Akakibonyeza. Kalondu akaweka mkuki chini, akainama.

Gerishon akakohoa.

"Vipi, mzee," akasema. "Nyumbani? Watoto? Haya."

Akakaa. Hakukuwa na mtu wa kusema "bado". Kidole kikateleza, Kalondu akapiga hatua, mzee akamkata.

Skrini ikawa nyeusi. Gerishon aliitazama ile skrini nyeusi, akajiona ndani yake, mzee kwenye kochi na rimoti.

"Aliniambia," akasema. "Aliniambia nitauawa."

Gakii akaanza kucheka, kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kiganja. "Imebaki mara moja, Baba. Mama alikuwa anasema nini? Yote. Usiruke."

"Ni mengi."

"Yaseme tu. Mimi nitasema 'bado'."

Wakawasha tena. Mashine ilikataa. Ikakataa tena. Gakii akaitoa sidii, akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha, akaiwekea mkono juu kama anayempima mtoto homa. Ikanguruma. Filimbi ikalia.

Daraja.

Kalondu akainama. Gerishon akajisogeza mbele kwenye kochi, kama alivyokuwa akijisogeza mkewe.

"Hujambo, mzee?"

Akangoja.

"Umeamkaje?"

"Bado," Gakii akasema taratibu.

"Nyumbani hawajambo?... Na watoto?..." Alikuwa anatafuta kila swali mahali lilipokuwa, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba chenye giza. "Wajukuu wanasoma?... Mvua. Mvua imenyesha huko kwenu?... Mahindi yameota?"

"Bado, Baba."

"Mbuzi wanaendeleaje?... Mguu je, bado unakusumbua?"

Mzee wa darajani alisimama, upanga juu. Lilibaki moja. Gerishon alilijua. Alitazama kidole chake kwenye rimoti, akakiondoa kabisa.

"Na mama watoto," akasema.

Hakuweza kumaliza. Chumba kizima kilikuwa ni feni tu na mashine inayonguruma. Gakii naye alikuwa amesahau kusema "bado".

"Na mama watoto... hajambo?"

Upanga ukashuka. Ukaingia alani. Mzee akainama, polepole, ndevu zikagusa goti, akakaa hivyo. Kisha akasogea pembeni.

Gerishon hakuvuka. Alikaa anamtazama mzee yule aliyempisha, machozi yanatiririka bila yeye kuyashughulikia, na Gakii akaja akakaa chini karibu na miguu yake, akaweka kichwa kwenye goti lake. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Alipokuwa wa umri wa kufanya hivyo, baba yake alikuwa Doha.

"Ndivyo alivyokuwa akisema?" akauliza baadaye.

"Yeye alikuwa anasema vizuri zaidi."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Na yule mzee alikuwa anamwambia apake mguu mafuta ya mkaratusi."

"Mjapani?"

"Mjapani."

Basi akaanza kumweleza. Hakumaliza siku ile. Alieleza jinsi Mumbua alivyokuja kambini na sufuria ya githeri amefunga kwa plastiki, na mlinzi Mnepali akataka fungu lake. Jinsi alivyomwita mzee wa darajani "mkwe wangu". Jinsi alivyokuwa akizungumza na Gakii kwa simu, na simu ikikatika, anabaki ameishika sikioni muda mrefu, kana kwamba mtoto atarudi. Gakii alisikiliza. Saa tisa ilipita. Ilikuwa Ijumaa, basi halikuwa na safari.

Mashine walipoijaribu tena Jumamosi haikusoma. Athanas alikuwa amesema.

Video ikaenda. Siku nane hakuna jibu. Gerishon alikuwa akiingia mlangoni na kuinua kidevu tu, na Gakii akatikisa kichwa.

Siku ya tisa Nick akaandika, na safari hii akaandika kirefu. Ofisini kwao hakuna aliyejua. Waliwauliza Wajapani, na kule pia vijana hawakujua, mpaka wakampigia mzee mmoja aliyestaafu, aliyetengeneza daraja lile zamani. Huyo akakiri. Aliiweka salamu mwenyewe wiki ya mwisho, na hakuiandika popote. Aliuliza swali moja tu, nani aliyengoja muda wote huo.

"Umemjibuje?" Gerishon akauliza.

"Nimesema mpishi wa Kitui."

Gerishon akatikisa kichwa kukubali. Jibu hilo lilimtosha.

"Wataiweka," Gakii akaendelea. "Lakini Nick anasema kwenye video umechukua dakika nzima na ushee. Wachezaji hawatangoja. Wanataka sekunde ishirini."

"Ishirini?"

"Ishirini."

Gerishon akavuta kiti. Hili lilikuwa jambo la kukalia. "Ishirini hata kwenye mvua hujafika. Mwambie mtu hasalimiwi nusu."

"Baba, hawa ni watu wa biashara."

"Na mimi ni dereva. Mwambie."

Gakii akaandika. Nick akarudi na thelathini. Gerishon akasema thelathini ni salamu za mtu unayemdai. Gakii hakulitafsiri hilo, ila aliandika kitu, akakiandika vizuri, akakaa muda mrefu kabla ya kukituma. Jibu likaja fupi. Mzee wa Japani amesema dakika nzima. Watengenezaji wamesema thelathini. Wameishia arobaini na tano, na hapo ni khalas.

Gemu ilitoka mwezi wa kumi na moja. Basi tayari lilikuwa na dereva mwingine anayejifunza njia, Mkenya mwenzake aitwaye Githinji, na Gerishon alikuwa amemfundisha kitu kimoja kwa ukali: kuhesabu watu kabla ya kuondoka. Begi lake lilikuwa limepangwa nusu. Mashine ya zamani ilikuwa ndani, kwenye leso ya kijani, ingawa ilikuwa imekufa.

Ijumaa baada ya ibada wakakaa kwenye kochi. Gakii alipika chai akampa, na Gerishon akaikataa kwa mkono, akachukua rimoti.

"Leo chai shika wewe," akasema.

Mvua ya kompyuta ilinyesha kwenye daraja la mawe. Mzee wa misuli akanguruma maneno yake. Kalondu aliyenyolewa akaweka mkuki chini, akainama. Na mara hii mzee akanyamaza.

"Arobaini na tano, Baba," Gakii akanong'ona. "Hazitoshi yote."

"Najua."

Alikuwa ameshalifikiria barabarani, kwa wiki mbili, kati ya Muaither na Industrial Area. Maswali alikuwa ameyapima kwenye foleni za taa nyekundu.

"Hujambo, mzee?... Umeamkaje?... Nyumbani hawajambo?... Watoto?... Wajukuu wanasoma?... Mvua naiona... Mguu je?... Na mama watoto, hajambo?"

Upanga ukashuka. Mzee mkubwa yule wa Ulaya akainama, si vizuri kama wa zamani, mgongo wake ulikuwa mgumu, lakini akainama, akapisha.

Gerishon akavuka daraja. Ng'ambo akasimama, akautazama mto.

"Umeruka mbuzi," Gakii akasema.

"Nimeruka mbuzi na mahindi."

"Mama angekugombeza."

"Sana," Gerishon akasema. Akanyoosha mkono, akaichukua chai yake.